Mwalimu wa Jumamosi Hatembelei Wapangaji

Watu wengine huenda makumbusho. Mwalimu wa Jumamosi huenda kutembelea. Tofauti utaiona mlangoni tu. Mtu wa makumbusho anatoa simu apige picha ya jengo. Mwalimu wa Jumamosi anajitengeneza mtandio, anakohoa kidogo, anasema "Hodi!" kwa sauti ya mtu aliyezoeleka, halafu anasubiri. Anasubiri kweli. Nyuma yake watalii wanajazana, mtoto wa mmoja wao analia, na mlinzi anatutazama sisi wanafunzi wake akitaka maelezo. Tunaangalia viatu.

Tunamwita hivyo kwa sababu Jumamosi ndiyo siku anayotufundisha Kiswahili, katika chumba cha chini cha kanisa moja pale Falls Church, nje kidogo ya Washington, karibu na barabara ya Route 7. Yeye ni Mwislamu wa Tanga, na funguo za kanisa anazo nyingi kuliko shemasi. Anakaa Laurel, upande mwingine kabisa wa jiji, kwa hiyo kila Jumamosi hupanda treni, akabadilisha treni, akamalizia na basi, na bado anafika kabla yetu sisi tunaokaa ng'ambo ya barabara. Hilo hulitaja. Hulitaja kila Jumamosi.

Sisi ni watoto wa aina moja: ukitusema kwa Kiswahili tunaelewa mpaka tusi la mwisho, lakini kujibu tunajibu kwa Kiingereza. Wazazi walitupeleka kwake kama watu wanavyopeleka gari kwa fundi: linawaka, lakini haliendi. Mwezi wa kwanza alijaribu ubao na chaki. Tulilala. Kevo, rafiki yangu ambaye wazazi wake ni wa Nairobi, alilala mpaka akaota, na akaota kwa Kiingereza, kwa sauti. Mwezi wa pili Mwalimu akafuta ubao, akavaa koti.

"Hapo mjini kuna majumba ya watu yako wazi kutwa nzima, bure," alisema, na hilo neno bure alilitamka kama jina la mjukuu. "Na nyie mmekaa hapa mnatazama simu. Majirani gani nyie? Simameni."

Ndivyo tulivyoanza kwenda mjini kutembelea picha.

Msidhani ni mchezo. Kwanza hatembelei mtu mkono mtupu. Mara ya kwanza alibeba kopo la kashata za nazi, na mlinzi wa kwenye mashine ya kukagua mikoba akasema chakula hakiingii. Mwalimu akanigeukia. "Nuru, mwambie sijaleta chakula. Nimeleta kitu kidogo."

Nikamwambia mlinzi kwa Kiingereza kwamba mama huyu anasema hiki si chakula.

"Ni nini basi?"

Nikafunua kopo. "Chakula," nikasema.

Nilifinywa palepale, mbele ya serikali. "Sasa niingie mikono inaning'inia," Mwalimu alilalamika, "kama nimekuja kukata umeme?"

Aliyetuokoa ni mlinzi mwingine, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyesikia Kiswahili akaja mbio kama ameitwa jina. Tangu siku hiyo sisi wote tunamwita Papa. "Mama, uache hapa kwangu," alisema. "Mi mwenyewe nitawafikishia."

Na akawa anawafikishia kila wiki. Tukitoka, Mwalimu humwuliza, "Wamefurahi?"

"Sana, Mama. Lakini wamesema, ya leo sukari ilikuwa kidogo."

Mwalimu hutikisa kichwa kwa uzito. Wiki inayofuata sukari inaongezeka. Papa ameongezeka pia, hasa kwenye mkanda.

Ndani, sheria yake ni moja: nyumba moja kwa siku. Anachagua picha moja, anakaa kwenye benchi mbele yake, anavua koti, na hapo ndipo tumefika. Zilizobaki tunazipita kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama unavyopita barazani kwa watu ukiwa na haraka. "Ukiingia nyumba kumi kwa siku moja wewe si mgeni," anasema, "wewe ni karani wa sensa." Baba yangu, mtu wa kompyuta, alitusindikiza mara moja tu. Yeye alianza na mifupa ya wanyama wakubwa akamalizia na marais, majengo mawili, chini ya saa moja, kwa sababu ya mita ya maegesho. Akatukuta bado tumekaa mbele ya mzee mmoja wa Kiholanzi.

"Mimi nimemaliza," Baba alisema.

"Umemaliza nini, Baba Nuru?" Mwalimu alimwuliza. "Umewaaga?"

Baba hajarudi tena.

Somo lenyewe ni maswali. Huyu bwana amekula nini asubuhi? Kagombana na nani? Anamficha nani nyuma ya hilo pazia? Na lazima ujibu kwa Kiswahili, sentensi nzima, ukimtazama mwenyewe usoni. Yule Mholanzi alikuwa amevaa nguo nyeusi na kola nyeupe pana kama sinia la pilau.

"Mwalimu, huyu budaa amekosana na dobi," Kevo alisema. "Cheki hiyo kola. Manze, hapo hata supu hawezi kunywa, haoni kijiko."

Sisi tuliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Mwalimu hachekagi utani wetu hata siku moja. Anaupokea kwa uso mkavu kama anayepokea risiti. Halafu wiki ijayo utamsikia anamsimulia Papa pale mlangoni, "Nilikuwa nawaambia watoto, yule bwana kagombana na dobi," na wanacheka wote wawili mpaka Papa anashika ukuta. Utani wangu mimi ameuiba mwingi kuliko ninaoukumbuka. Kuna mmoja kuhusu farasi wa jenerali ambao umeshafika Tanga na kurudi, na uliporudi niliambiwa niusikilize vizuri ili nijifunze.

Ukiteleza ukasema Kiingereza, adhabu yake ni kumwomba radhi mwenye nyumba. Siku moja nilimwambia Kevo kwa Kiingereza kwamba yule mtawala mwenye nywele bandia ana sura kama mbuzi aliyeachwa na basi. Niliwekwa mbele yake peke yangu, nimwombe radhi, nimwulize na hali ya watoto wake mmoja mmoja. Kundi la wastaafu likasimama kunisikiliza. Walidhani ni onyesho, wakapiga makofi. Mama mmoja akaniuliza onyesho linalofuata ni saa ngapi.

Mama yangu, ambaye ni Mkristo na huogopa kumkosea mtu dini, aliwahi kumwuliza kwa upole kama mambo haya ya kuongea na picha hayana neno kwa upande wake. Mwalimu hakukasirika.

"Siwaabudu, Mama Nuru. Nawajulia hali. Wewe ungetundikwa ukutani miaka mia nne usingependa mtu akuulize umeamkaje?"

Mama alifikiria. "Ningependa mtu anishushe," alisema.

Ana mambo yake ya kupingana. Simu ni marufuku mbele ya mwenye nyumba, zetu zote zinakusanywa kwenye mfuko wa plastiki. Yake hupigwa. Hupigwa kwa video, na mdogo wake wa Tanga, na Mwalimu huzunguka ukumbini amenyoosha mkono akipiga kelele, "Umemwona? Huyo ndiye yule mwenye mbwa!"

"Mbona amekonda?" inauliza simu.

"Weee! Hadithi ndefu!"

Umbea anasema hapendi. Kila umbea wake unaanza kwa kusema hapendi umbea. Kwa njia hiyo tumejua ndoa ya nani imevunjika katika ukumbi wa magharibi, na kwa nini yule mama mwenye lulu haongei na aliyetundikwa mkono wake wa kushoto.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolishikilia bila mzaha. Maonyesho ya muda hakuingia. Yale ambayo picha zinaletwa kutoka nchi nyingine, zinakaa miezi michache, zinaondoka, watu wanapanga foleni. Yeye anayapita kama maduka. Hata bango la nje halitazami. Aliwaita wapangaji.

"Mimi natembelea wenyeji," alisema. "Hawa ukishawazoea, unakuja siku moja unakuta ukuta mtupu. Nimechoka kuzoea watu wanaohama." Hapo hakuna aliyetia utani, hata mimi. Darasani kwetu kila mmoja ana rafiki aliyehamia Texas.

Papa alijaribu. Jumamosi moja ya Machi, darasa likiwa mwaka wa tano, alimwambia, "Mama, kule chini kuko expo mupya, iko muzuri sana, kuko bibi moja wa..."

"Ni wenyeji?"

"Apana, Mama, ni ya kupita tu, lakini..."

"Basi wasalimie," Mwalimu akasema, akampa kopo, akapita.

Habari ya Firenze, mji wa Italia, tuliipata siku treni ilipokwama kwenye handaki. Wengine wanasema Florence. Yeye anasema Firenze, kama wenyewe, kwa sababu aliishi huko kabla ya kuja Marekani. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, akifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja mgonjwa. Tulikuwa tumekaa gizani, taa zinapepesa, Kevo anasema sote tutakufa, ndipo akaanza tu, bila kuulizwa.

Ilikuwa Idi. Kwao Tanga, Idi mtu hakai ndani. Unavaa nguo mpya, unatoka nyumba hii unaingia ile, kila mlango unakula kitu, mpaka jioni huwezi kuinama. Pale Firenze alivaa nguo yake mpya, akatoka barabarani, na ndipo akakumbuka kwamba hana mlango hata mmoja wa kubisha.

"Nikatembea tu," alisema. "Nimependeza, jamani! Nimependeza na hakuna wa kumwonyesha. Nikaona jumba lina mlango wazi. Mlinzi kaniona na manukato yangu, kanionea huruma, kasema ingia. Nikaingia."

Lilikuwa jumba dogo la makumbusho, vyumba vichache, juu ya duka la vitabu vilivyotumika. Chumba cha mwisho kulikuwa na picha ya mwanamke. Kitambaa cha kijani kichwani, mkono mmoja juu ya mwingine, mdomo umefungwa, na macho yale, Mwalimu alisema, ya mtu uliyemchelewesha.

"Kama ananiambia, ndiyo saa hizi unafika? Nikamwambia, niwie radhi, sikujua unapokaa."

Akakaa kwenye kiti. Akamsimulia Idi ya kwao. Tangu siku hiyo kila mapumziko yake alikwenda kwake. Alimpelekea habari za bibi mgonjwa, za barua kutoka nyumbani, za kijana mmoja aliyemtaka na aliyemkataa. Siku ya kuondoka kuja Marekani alikwenda kumuaga, akamwambia, nitarudi kukuona.

"Na ukarudi?" Kevo aliuliza.

"Ningerudi ningekuwa nakusimulia kwa sura hii?" Alitazama dirisha lenye giza. "Nikaja huku, nikazaa, nikazika mume, nikafundisha vichwa vigumu. Miaka thelathini. Mtu nimemwambia nitarudi, na yuko palepale ananisubiri, hana hata pa kwenda. Na magoti haya yana safari moja tu imebaki."

Treni ikaondoka. Kevo, ambaye sekunde chache kabla alikuwa anakufa, alisema, "Mwalimu, lazima uende."

Nadhani ni yeye aliyewaambia wazazi. Darasa lilikuwa limefikisha miaka mitano na Mwalimu hajawahi kuchukua hata senti, kwa hiyo wazazi wakachanga, wakamkatia tiketi ya likizo ya majira ya kuchipua. Mama yangu akasema haendi peke yake na magoti yale, atakwenda naye. Nikasema Mama haendi bila mimi. Wazazi wa Kevo wakasema mtoto wao anahitaji ustaarabu, achukuliwe.

Kabla ya safari nilifungua simu nitafute lile jumba dogo, nione kama bado lipo na picha ipo. Mwalimu akanipokonya.

"Unafanya nini?"

"Natazama kama yupo."

"Unamchunguza mtu kabla hujamtembelea? Wewe polisi?" Akaizima kabisa. "Mtu anatembelewa. Hapigiwi simu kuulizwa kama yupo. Ukimpigia unampa kazi ya kupika."

Kwa hiyo tulikwenda kiungwana, bila taarifa.

Florence ni mji ambao kila kona kuna mtu wa jiwe, na wengi wao hawana nguo. Mama alikuwa amepanga makumbusho mawili kila siku, na tulipanga foleni mpaka Kevo akawa anasalimiana na watu wa foleni kama majirani. Kwenye ukumbi wa kwanza wa sanamu, Mwalimu alitangulia, akachungulia, akaona jitu la marumaru lililosimama wima kama lilivyozaliwa. Akarudi kinyumenyume, akatuzuia kwa mikono miwili.

"Mwenyeji anaoga," alisema. "Tutarudi baadaye."

Hatukurudi. Mama alijipenyeza peke yake, akakaa sana, akatoka akasema taa ilikuwa nzuri.

Katika majumba yale makubwa Mwalimu alikuwa na adabu ya mtu aliyepita njia. Watoto wachanga waliochorwa aliwahurumia kwa jinsi walivyo na sura za mawakili. Malaika mmoja mwenye kinanda alimwambia apumzike. Lakini kwa rafiki yake hakwenda. Siku ya kwanza alisema uso bado una uchovu wa ndege. Siku ya pili miguu imevimba. Siku nyingine alikaa hotelini akipiga pasi gauni lilelile mara mbili. Mama ndiye aliyeelewa. Alinivuta pembeni akaniambia, "Anaogopa, mwanangu. Usimtanie leo." Nikajizuia mpaka chakula cha mchana.

Tulikwenda Jumamosi, siku moja kabla ya kurudi. Mwalimu amejipaka wanja, amejifukiza udi hotelini mpaka wakaja kuuliza kama kuna moto. Kopo la kashata alilitoa Laurel akalipakata ndani ya ndege njia nzima. Duka la vitabu lipo. Ngazi zipo, akazipanda akishika ukuta, hataki kushikwa. Akapita chumba cha kwanza, cha pili. Mlango wa chumba cha mwisho akasimama, akashusha pumzi, akasema hodi kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaingia.

Ukutani kulikuwa na msumari.

Msumari, alama ya mstatili ambapo rangi ya ukuta haikupauka, na karatasi.

Mlinzi alikuwa mama mzee aliyekaa na sweta lake. Mwalimu akaanza kumwuliza kwa Kiitaliano, na Kiitaliano chake ni cha jikoni. Sufuria zote anazijua kwa majina, lakini mambo haya hayakuwa na sufuria. Yule mama akajaribu kueleza kwa mikono, akafanya ndege inayopaa. Mwalimu akaweka mkono kifuani.

"Amekufa?"

Kevo alikuwa ameshainama kwenye ile karatasi, upande wa chini ulioandikwa Kiingereza. Aliisoma, akaisoma tena, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hajakufa. Ameazimwa."

"Ameazimwa na nani?"

"Na makumbusho. Ya Washington."

"Washington ipi?"

"Ile yetu, Mwalimu. Kwa Papa."

Mama alianza kucheka, akajifunika mdomo, akageukia dirisha.

"Mpaka lini?" Mwalimu aliuliza.

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Kesho."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Alivua koti kama kawaida yake, akalikunja juu ya magoti, akautazama ule ukuta mtupu muda wote ambao angekaa kama mwenyewe angekuwepo. Hatukujua la kufanya, tukakaa naye. Hatimaye akasema polepole, "Amechoka kunisubiri. Kanifuata mwenyewe."

Halafu akaruka kama ameketi juu ya mwiba. "Na mimi sipo! Mgeni kasafiri bahari nzima kuja kwangu, mimi nimefunga mlango nimekuja kuzurura Ulaya! Tena kafikia pale pale, kashata zinapita juu ya kichwa chake kila Jumamosi, na mimi nasema mpangaji! Yule Mkongo aliniambia. Aliniambia!"

Kopo alimwachia yule mama wa sweta, akamwekea mkononi kabisa. Usiku mzima tulimsikia kupitia ukuta wa hoteli akimweleza mdogo wake wa Tanga, na mdogo wake akicheka, na yeye akimkatia simu na kumpigia tena.

Jumapili aliwaambia wahudumu wa ndege wamwambie dereva aongeze mwendo. Pale uwanja wa ndege wa Dulles afisa wa uhamiaji alimwuliza alikwenda Italia kufanya nini. "Nilimfuata rafiki," alijibu, "nisimkute. Yuko hapa kwenu. Nigongee muhuri haraka, baba." Afisa alinitazama. Nikamwambia ni kweli yote.

Nje Baba alikuwa anatusubiri na gari na habari njema kwamba nyumbani kuna pilau.

"Mjini, Baba Nuru," Mwalimu alisema, akijifunga mkanda.

"Mwalimu, mmechoka. Na barabara leo haitamaniki. Kwa nini msiende Jumamosi ijayo, kama kawaida?"

"Jumamosi ijayo atakuwa ndani ya sanduku!"

Baba akaniuliza kwa macho ni nani huyo amefariki. Mama akamwambia endesha. Baba ni mtu wa kutii simu. Simu ikisema pinda anapinda hata kama ni mtoni. Ilimwambia foleni mbele, akataka kuzunguka kwa barabara ya Beltway. Mama akasema, "Ukiisikiliza hiyo simu mimi nashuka hapahapa na Mwalimu namtembeza kwa miguu." Baba akazima simu. Sijawahi kumwona akiendesha hivyo. Kevo alishika kiti cha mbele akisema, "Manze, baba yako ni noma."

Tulifika watu wanatoka. Baba alituteremsha mahali pasiporuhusiwa, akaendelea kuzunguka. Papa alikuwa juu ya ngazi anawaaga watu.

"Mama! Mi nilikuambiaka! Watu wanatoka, we unaingia? Dakika kidogo tu na tunafunga!"

Na hapo, mbele ya mlango wa kioo, baada ya bahari na Dulles na Baba, Mwalimu akajiona. Gauni limekunjamana, wanja umeshuka mashavuni, viatu vya mazoezi vya Mama kwa sababu miguu ilivimba.

"Siingii," alisema.

"Mwalimu!"

"Simpokei mgeni hivi. Miaka thelathini hajaniona. Atasema Marekani imenifanya nini?"

Mama hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa vitambaa vya maji, akamfuta uso palepale kwenye ngazi kama mtoto anayepelekwa shule, akamvua mtandio uliochoka, akamfunga skafu yake mwenyewe. "Umependeza," alimwambia. Hakuwa amependeza. Papa akasema, "Vraiment, kweli, Mama, muzuri kabisa," akatutangulia kwa mwendo ambao mkanda wake haukuuzoea.

Walikuwa wamempa ukuta mzima peke yake. Mwanga mdogo juu, kamba mbele. Mimi nilidhani ni mkubwa, jinsi nilivyomsikia. Kumbe ungembeba angetosha kwapani. Kijani chake kile hakuna simu itakayokipata. Na macho kweli ni ya kulalamikia muda.

Mwalimu alisimama mbele yake. Si hodi, si pole ya safari. Nyuma yetu walinzi walikuwa wanaanza kuwaambia watu kwamba muda umekwisha. Papa aliwapungia mkono, bado kidogo. Mama analia, Kevo anajifanya anasoma kibandiko.

"Mwalimu," nilinong'ona, "humsalimii?"

"Namwanzaje?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Zamani nilikuwa nampa shikamoo. Alikuwa mkubwa kwangu, ana miaka thelathini na ushee, mimi kijana. Sasa mtazame. Mtoto huyu, Nuru. Ngozi hata haina mkunjo. Ni kama binti yangu. Nimpe shikamoo mimi? Na yeye hawezi kunianza."

Akabaki amesimama hivyo, adabu imemkwamisha, na taa za ukumbi wa pili zikazimwa.

Mimi ni mtu wa upuuzi, kila mtu anajua, na finyo moja zaidi halingeniua. Nilijibana nyuma ya bega lake, nikabana pua kidogo, nikasema kwa sauti nyembamba ya mwanamke wa zamani sana:

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilisubiri vidole vyake. Havikuja. Hakugeuka hata kidogo. Alinyoosha mgongo, akatengeneza skafu ya Mama, macho hayakutoka ukutani.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekuja na nani huku?"